Jinsi nilivyowatofautisha kereng'ende wekundu wa Algarve

Hatimaye nimewajua kereng'ende wekundu walionichanganya likizo nzima huko Algarve, kusini mwa Ureno. Nilianza na rangi ya mwili, nikakwama: madume wote wekundu. Ukubwa haukunisaidia. Picha za kutoka juu, bure kabisa.

Kilichosaidia ni kupiga magoti kando ya bwawa na kuwapiga picha kutoka ubavuni. Tazama miguu kwanza. Kuna aina mbili, nazitaja kwa majina ya kisayansi. Miguu ya Crocothemis erythraea ni myekundu mitupu, na tumbo lake ni pana, bapa. Ya Sympetrum fonscolombii ni myeusi yenye mstari wa njano. Kisha jicho: huyu wa pili, juu jekundu, chini buluu ya kijivu kama wingu la mvua. Hapo ubishi ukaniisha. Na huyo wa kwanza, kwa furaha yangu, yupo hata Afrika Mashariki!