Makombo ya juzi

Saa tano usiku, baridi ya Ufaransa nje, niko peke yangu maabara. Kwenye skrini mstari wa umeme umenyooka, ghafla unazama, unapanda, unazama tena. Nikapiga kigelegele. Kigelegele hasa, cha harusi ya Tanga, mbele ya mashine.

Kazi yenyewe ni hivi. Unatandaza utando wa mafuta kwenye tobo dogo la plastiki, maji ya chumvi pande zote mbili. Unatia aerolisini, protini ya bakteria wa majini, nayo inautoboa utando na kuacha tundu ambalo pembamba pake ni kama nanomita moja, mita ikigawanywa mara bilioni. Unapitisha umeme mdogo mno, makumi tu ya pikoampia. Peptaidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, ikiingia tunduni inaibania chumvi njia, mkondo unashuka kwa milisekunde chache, na kina cha mshuko ndicho kinachokuambia kapita nani. Mwaka 2018 watafiti walishaonyesha kwamba tundu hili hutofautisha minyororo ya arginini, mojawapo ya asidi amino, kuanzia 5 hadi 10, hata ikizidiana asidi amino moja tu. Mimi nilikuwa mwanafunzi, najaribu kuitenga ya 5 na ya 10 basi.

Asubuhi nikamwonyesha kaka mmoja wa Lubumbashi aliyenitangulia pale. Akautazama mchoro, akakuna kidevu.

"Dada, mbele ya kutia ile peptaidi, mstari ulikuwa namna gani?"

Sikuwa nimeangalia. Wiki tatu utando ulikuwa ukinipasukia; usiku ule tundu lilipokaa, niliogopa lisinifie mkononi, nikatia arginini 10 mbio mbio.

Tukaweka utando mpya na tundu jipya, bila peptaidi. Mishuko ikaja vile vile. Chombo nilikiosha juu juu, na peptaidi za juzi yake zilikuwa zimeng'ang'ania kutani. Nilikuwa nimeyapigia makombo kigelegele.

Nikaosha kwa maji, kwa ethanoli, kwa maji tena. Jaribio la tatu, mstari ulinyooka dakika 20 bila kutikisika, na sijapata kuupenda mstari mtupu kama ule. Ndipo nikatia ya 10: mishuko ya kina kirefu. Nikatia na ya 5, ikaja mingine, ya kina kifupi. Tulipoihesabu, grafu ikatoa vilima viwili, kila peptaidi na chake.

"Leo hushangilii?" kaka akauliza.

Nilikuwa sinki, nasugua chombo.