Saa ya Jua Iliyonikosesha Basi

Nilikaa siku nne kwenye bonde la Mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, na tatu kati ya hizo sina la kusimulia isipokuwa malalamiko. Chumba kilikuwa yuro 95 kwa usiku, hakina feni, na dirisha lake linatazama magharibi. Mwishoni mwa Julai huko jua huzama saa tatu na dakika kama ishirini usiku. Ndiyo, usiku! Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua lisilo na utani: saa kumi na mbili limechomoza, saa kumi na mbili limezama. Kule nilikaa kitandani nikisubiri giza kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja mapema.

Siku ya nne nikaenda Wehlen, kilomita chache kutoka mji wa Bernkastel-Kues. Kijiji kiko ukingo mmoja wa mto, na mizabibu iko ukingo wa pili, kwenye mteremko mkali unaotazama kusini-magharibi. Yaani watu wameachia zabibu upande wenye jua, wao wakaenda kujenga ng'ambo. Katikati ya mizabibu, kwenye mwamba, kuna saa kubwa ya jua iliyojengwa na Jodocus Prüm mwaka 1842 ili wafanyakazi wajue muda. Shamba lenyewe linaitwa kwa jina la saa hiyo.

Simu yangu ilikuwa imezima kwa sababu ya kupiga picha ovyo. Basi langu la kurudi, la mwisho kwa siku ile, lilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nikatazama kivuli pale mwambani: saa kumi. Nikafurahi. Kusoma kivuli ni kitu ninachokijua tangu utotoni. Nikashuka taratibu, nikavuka daraja, nikafika kituoni nikijiona mjanja, kumbe basi limekwenda zamani.

Saa ile haikuwa mbovu. Inafuata jua la bonde lile lile, basi. Saa za Ujerumani zinafuata jua la mbali zaidi mashariki, hapo bonde linabaki nyuma kama nusu saa. Kisha wakati wa kiangazi wanasogeza mshale mbele saa nzima. Ukiongeza dakika chache ambazo jua lenyewe huchelewa mwezi Julai, kivuli kilikuwa nyuma ya dereva kwa zaidi ya saa moja na nusu. Ningejua kabla, ningeuliza mtu.

Nilirudi ng'ambo kutafuta msaada, nikamkuta mzee mmoja akikata machipukizi yanayoota chini ya mashina. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, changu cha kuombea maji. Akasema atanipeleka kwa gari akimaliza mstari wake. Nikaona aibu kukaa bure juu ya yale mawe meusi bapa, ambayo yalikuwa yanachoma makalio kama kikaango. Mwamba ule hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, ndiyo maana hawauondoi.

Kila mzabibu una nguzo yake, na matawi mawili yamepindwa kushuka chini yakachora umbo la kopa. Vichala vilikuwa bado kijani, vigumu, vimejificha nyuma ya majani. Nikavihurumia. Nikaanza kunyofoa majani ili vipate jua. Mashina matano hivi. Mzee alipogeuka alipiga kelele iliyofika kijijini.

Kosa langu lilikuwa mara mbili: upande na wakati. Majani hupunguzwa, ndiyo, lakini mapema, maua yakishadondoka tu, na upande unaopata jua la asubuhi. Zabibu changa ikizoeshwa jua mapema, ganda lake hutengeneza kinga, kama ngozi ya mtu inavyozidi weusi. Umande hukauka haraka, kuvu haipati pa kukaa. Mimi nilikuwa nimezivua nguo upande wa jioni, katikati ya joto, zabibu zilizolelewa kivulini. Akanionyesha kichala kilichowahi kuunguzwa na jua: punje za upande mmoja zimegeuka kahawia na kusinyaa, za upande wa pili nzima kabisa. Kichala kinachopigwa jua kali kinaweza kuzidi joto la hewa kwa nyuzi 10 au zaidi.

Nikamuuliza, basi utamu utatoka wapi zabibu zikikaa kivulini? Akacheka, akagonga jani kwa kidole. Sukari inatengenezwa na majani, ikishuka kwenda kwenye kichala. Ukinyofoa mengi umefunga jiko. Ila na majani yakibanana ni hasara, kwa sababu jani la juu hula karibu mwanga wote na la chini yake linabaki kuwa mzigo tu. Joto likizidi kwenye punje, uchachu wake huungua, divai inapwaya. Na Riesling, zabibu nyeupe ya huko, ikipigwa jua sana, aliniambia, divai yake ikikaa miaka kwenye chupa hutoa harufu ya mafuta ya taa. Nilidhani amekosea neno. Alirudia, akaigiza na kuwasha taa. Wapo wanaoilipia pesa nyingi harufu hiyo. Mimi nimeikimbia tangu umeme ulipofika nyumbani.

Alichukua machipukizi ya jirani, akayafunga kwa kamba mbele ya vichala nilivyovianika, kimoja kimoja, bila kusema. Nilishika kamba. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyonikabidhi.

Alinifikisha hotelini saa tatu usiku, jua likiwa bado limejaa kwenye dirisha langu. Shuka lilikuwa la moto. Nikashuka mapokezi kuomba chumba cha upande wa mashariki. Vyote vimejaa, nikaambiwa. Wageni wanaorudi kila mwaka huvikamata mapema.