Alipoacha kunguruma

Leo asubuhi mbwa wangu Simba amelaza kichwa pajani kwangu, akaniacha nimshike sikio la kushoto. Wiki mbili zilizopita angeningurumia.

Na kweli aliningurumia. Mara ya kwanza nilimkaripia, ya pili nikampiga kofi la mgongo. Niliamini mbwa anayemngurumia mwenye nyumba amekosa adabu. Baada ya siku chache akaacha, nami nikafurahi. Kisha mtoto akampapasa kichwani, Simba akamrukia kwa meno, kimya kabisa. Aliukosa mkono kidogo tu.

Usiku ule ndipo nilipomtazama sawasawa. Alikuwa akitikisa kichwa, anakiinamisha upande mmoja, anajikuna kwa mguu wa nyuma huku akitoa mlio mwembamba. Nikamulika kwa tochi ya simu bila kumgusa. Sikio jekundu, nta ya kahawia imegandamana, harufu kama ya unga uliochacha. Daktari wa mifugo akasema ni fangasi, akanipa matone.

Fangasi hutibika. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa ameshaniambia. Alikuwa akilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso kila mkono wangu uliposogea. Kunguruma kulikuja baada ya hayo yote kupuuzwa. Nilipomwadhibu, maumivu yalibaki palepale. Nilichoondoa ni onyo.

Sasa namkumbuka mbwa wangu wa zamani, aliyetafuna fremu ya mlango. Viatu vilikuwa hapohapo, hakuvigusa. Ni mlango tu, na ni pale alipobaki peke yake. Mbwa aliyechoshwa na kukaa bure hutafuna chochote anachokikuta; yule alikuwa akiuparura mlango tuliotokea. Ilikuwa hofu ya kuachwa, nami nikaiita ukaidi. Niliporudi alijikunyata, nikasema, "Unaona, anajua alichofanya." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba ule uso wa hatia hufuata karipio la mwenye mbwa, hata kama mbwa hakukosa chochote. Yule wangu alikuwa akiniogopa mimi. Amekwisha kufa, siwezi kumrudia.

Matone ya Simba yamebaki ya siku mbili. Mtoto ameniuliza kama anaweza kumpapasa tena. Nimemwambia akae chini, angoje Simba amfuate mwenyewe.