Pete, si Pia: Nilivyoumaliza Ubishi wa Inception Maskani

Kila anayejua napenda filamu za mafumbo huniambia lilelile: rudia dakika ya mwisho mpaka uone. Ushauri huu unaniudhi sana. Kwa Inception, filamu ya watu wanaoingia ndoto za wenzao, ndio unaopoteza watu. Ubishi ni mmoja: mwishoni mhusika mkuu yuko macho au bado anaota? Christopher Nolan, aliyeitoa mwaka 2010, aliikata picha pale pale pia, kidude cha kuzungusha mezani, inapoanza kuyumba. Uirudie usiku kucha, dakika ile haina jibu. Jibu limetawanywa kwenye saa mbili na ushei zilizotangulia. (Ambaye hajaitazama aishie hapa, akaitazame kwanza.)

Sisi wa Mombasa filamu hii inatuhusu. Leonardo DiCaprio, kwa jina la Cobb, anakuja Mombasa kumtafuta Eames, kisha Yusuf mtengeneza dawa za usingizi. Picha zenyewe zilichukuliwa Tangier, Moroko, na aliyekulia Kibokoni huona mara moja kuwa vichochoro vile si vyetu. Lakini maskani kwetu Majengo hatukugombania vichochoro. Jamaa mmoja, fundi wa simu anayezijua filamu kwelikweli, alikuja na hoja nzito: Cobb hajaamka tangu alipofika Mombasa.

Sikilizeni ushahidi wake. Cobb anakimbizwa na watu wa kampuni tunayoijua kwa jina tu. Anajipenyeza kwenye uchochoro unaozidi kubana, vile mtu hubanwa ndotoni. Kwa Yusuf anaijaribu dawa, analala, anazinduka na kukimbilia bafuni kuizungusha pia, kile kidude chake cha kupimia: ikianguka yuko macho, isipoanguka anaota. Inamponyoka, Saito, tajiri aliyempa kazi, anaingia, kipimo hakikamiliki. Na baadaye Mal, mkewe marehemu, anamwambia usoni: wewe wafukuzwa dunia nzima na makampuni yasiyo na sura, bado huoni kuwa unaota? Maskani nzima ilinyamaza. Sikuikubali hoja ile hata kidogo, ila sikuwa na la kuijibu, na jambo hilo lilinikosesha raha.

Nikaambiwa tazama video za wachambuzi. Nikazitazama, kila mmoja na lake, wote wameikodolea macho pia. Mwengine akanishauri nisubiri sehemu ya pili! Nikaijaza filamu upya kwenye flashi, shilingi 50 au chini yake, nikaiweka sebuleni baada ya Isha. Sauti niliizima kabisa kwa sababu bibi yangu alikuwa kwenye uradi wake.

Alipomaliza hakuondoka. Kiingereza hasikii, kwa hiyo kuzimwa kwa sauti hakukumpunguzia kitu. Alitazama kimya muda mrefu, tasbihi mkononi, halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu bwana ana mke au hana?"

Nikamwambia mkewe alikufa.

"Basi mbona saa nyengine ana pete, saa nyengine hana?"

Wallahi niliisimamisha picha hapo hapo. Mimi na fundi na wale wachambuzi wote tulikuwa tumeshughulika na maneno, na bibi, asiyesikia hata moja, alikuwa anaitazama mikono. Nikarudi mwanzo na daftari. Kila Cobb alipokuwa ndotoni nikaandika "ipo", kila alipokuwa macho nikaandika "haipo". Haikuvurugika popote nilipoweza kukiona kidole chake. Mombasa, katikati ya mbio zote zile, kidole kitupu. Uwanja wa ndege wa Los Angeles, mwishoni, pasipoti inapogongwa muhuri, kitupu.

Na sababu ameitaja mwenyewe: katika ndoto zake yeye na Mal bado wako pamoja. Pete inatoka moyoni mwake, hajaivaa ili ajipime. Pia ile asili yake ni ya Mal, na sheria ya filamu ni kwamba kidude cha kupimia hakiguswi na mwengine. Sasa mtu anaamini vipi kipimo cha marehemu kuliko kidole cha mhusika mwenyewe? Ongeza watoto wa Cobb, anaowaona ndotoni: mwishoni nguo zao zinafanana na za ndotoni lakini si zile zile, na orodha ya waigizaji inataja jozi mbili za watoto, wa umri tofauti.

Fundi alipambana. Akasema hata pete inaweza kuwa sehemu ya ndoto. Nikamrudisha karibu na mwanzo, chumba cha hoteli: Cobb ameizungusha pia, bastola mkononi, anasubiri ianguke. Mtu yule yule mwishoni anaizungusha, anasikia sauti za watoto, anaipa mgongo. Anataka nini mtu huyu? Watoto wake. Ukishalijua hilo, iwe imeanguka au haikuanguka, yeye kisa chake kimekwisha. Hapo fundi aliagiza kahawa ya wote, na kwetu hiyo ndiyo sahihi ya kushindwa.

Tangu hapo kila filamu ngumu naitazama mara moja bila sauti. Jaribuni The Sixth Sense ya mwaka 1999: mama yake mtoto anayeona wafu na daktari anayemtibu mtoto huyo wamekaa wakielekeana, hawasemezani, mke wa daktari mkahawani anasaini bili bila kumtupia jicho. Sauti ikiwepo unadhani wamegombana. Bila sauti unaona kuwa hakuna anayemtazama daktari isipokuwa mtoto.

Ila Us ya Lupita Nyong'o, ya mwaka 2019, msiizime. Siri yake imo sautini: kwenye gari mama anapiga vidole nje ya mdundo, na katika vivuli vyote, wale wanaofanana na familia yake kama pacha, ni Red, kivuli cha mama huyo, peke yake anayesema, kwa koo lililokwaruzika, kwa sababu utotoni alikabwa na yule aliyemwibia nafasi yake. Kwa hiyo mtoto wa kiume anapomkodolea macho mama yake mwishoni na kushusha barakoa, mimi nasema ameshajua kuwa mama ndiye aliyeibia nafasi. Fundi anakataa katakata. Jumamosi twaitazama tena, sauti juu.