Nafasi iliyo kati ya mto na nyumba

Jumapili iliyopita, nyumbani Mbagala, nilitandaza mezani ramani ya topografia ya sehemu ya chini ya bonde la Rufiji, yenye skeli ya 1:50,000, yaani sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Nilikusudia kumfundisha binti yangu kwamba watu huyafuata maji, lakini alipopitisha kidole kwenye mstari wa buluu na kukosa nukta nyeusi za nyumba, aliniuliza, "Baba, mbona mtoni hakuna watu?"

Jibu la kwanza limo katika kontua, mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa. Kijito kinaposhuka vilimani, mistari ile ya kahawia hujikunja kama herufi V, ncha ikielekea kwenye chanzo, na nyumba hukaa kwenye migongo ya ardhi iliyo kati ya kijito na kijito. Mto Rufiji ukishafika kwenye uwanda wa mafuriko, kontua huachana mno, maji hayana ukingo wa kuyazuia, na vijiji hupanda hadi ardhi ya kwanza iliyoinuka. Sisi wa Dar es Salaam tunalielewa hilo: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia kadhaa za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Jibu la pili, ambalo nalithamini zaidi, lilitoka kwa jirani yetu, mzee aliyekulia Rufiji. Aliweka kiganja juu ya eneo lile tupu akasema, "Mwanangu, hapa ndipo tulipokuwa tunaishi." Hadi mafuriko ya 1968 watu wengi waliishi humo humo bondeni, kwenye miinuko midogo kando ya mto, ndipo Serikali ikawahamishia katika vijiji vya ardhi ya juu, hasa upande wa kaskazini. Mashamba hayakuhama. Maji yanapopungua, udongo wenye unyevu hupandwa mazao ya mlau, na msimu wa mpunga familia hurudi kukaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwafukuza ndege na nguruwe. Ramani huionyesha nyumba ya kudumu, dungu hailionyeshi, na hivyo mahali palipomwagika jasho jingi huonekana patupu.

Kwenye delta, penye mikoko, hori, yaani mkono mwembamba wa maji uingiao nchi kavu, ndiyo barabara, na nyumba hutafuta mahali pakavu ambapo mtumbwi unaweza kufika.

Binti yangu alichukua penseli akaanza kuchora vibanda. Mzee akamwinamia: "Sogeza kidogo, mjukuu wangu. Hapo maji yalikuwa yanapita."