Jinsi nilivyojifunza Kichina katika duka la vipuri, Lubumbashi

Nilijifunza Kichina, yaani Kimandarini, hapa Lubumbashi bila kuingia darasa lolote, huku nikifanya kazi katika duka la vipuri vya malori la mjomba wangu, upande wa barabara inayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Leo ninawahudumia wateja wa Kichina kwa lugha yao, ninasoma maandishi ya kwenye maboksi, na ninaagiza mizigo moja kwa moja kwa muuzaji wa jumla aliyeko Guangzhou. Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wa Katanga wanaoambiwa kwamba lugha hii haiwezekani kwa mtu ambaye hajapelekwa kusoma China. Naamini kwamba wengi wetu tuna mtaji ambao wanafunzi wengi wa Ulaya hawana, nao ni sikio lililolelewa na lugha za nyumbani.

Sababu ya kuanza ilikuwa ya kibiashara. Shaba na kobalti ya Kolwezi, Fungurume na Likasi hupita kwetu ikielekea mpakani, na malori mengi tunayoyaona yakiibeba ni Howo na Shacman, yaliyotengenezwa China. Baada ya kampuni ya Kichina ya CMOC kununua hisa kubwa za mgodi wa Tenke Fungurume mwaka 2016, mafundi wa Kichina walizidi kufika dukani kwetu. Filta inakuja ndani ya boksi lisilo na neno hata moja la Kifaransa, na mteja asiyejua Kifaransa anabaki kuonyesha kwa kidole. Mjomba aliniambia, “Mama, mtu atakayejua kusema na hawa ndiye atakayeuza,” nami nikaamua kwamba mtu huyo nitakuwa mimi.

Jambo nililolipa muda mwingi kuliko yote ni toni, yaani kimo cha sauti kinachobadilisha maana ya neno. Kimandarini kina toni nne, mbali na silabi nyepesi zisizobeba toni: ya kwanza hukaa juu bila kutikisika, ya pili hupanda, ya tatu huenda chini kabisa, na ya nne huanguka kwa nguvu. Kwa mwenye duka hili si pambo la matamshi, kwa maana kununua ni mǎi na kuuza ni mài, na tofauti yake yote imo katika toni. Vitabu vya Kifaransa nilivyosoma vilieleza jambo hili kwa michoro ya mistari inayopanda na kushuka, na msomaji aliyezoea Kifaransa peke yake huishia kuutazama mchoro badala ya kusikiliza. Kiswahili nacho hakisaidii hapa, kwa kuwa toni zilizokuwamo katika lugha za asili yake zimepotea. Lakini Kiluba kinazo, Kisanga kinazo, Kibemba kinazo, ingawa hatuziandiki tunapoandika lugha hizo kila siku. Ni kweli kwamba toni za Kiluba kwa kawaida hukaa juu au chini, ilhali za Kichina husogea ndani ya silabi moja, kwa hiyo sikio linahitaji kunyooshwa zaidi. Hata hivyo anayejua tangu utotoni kwamba kimo cha sauti ni sehemu ya neno amekwisha kuvuka kizingiti kigumu.

Njia yangu ilikuwa hii. Nilichukua sentensi moja fupi iliyorekodiwa na Mchina, nikaisikiliza macho yamefumbwa, bila kutazama maandishi, hadi nilipoweza kuiimba kwa pua bila maneno. Baada ya hapo ndipo nilipotia maneno ndani ya wimbo huo, nikajirekodi kwa simu na kuzilinganisha sauti mbili. Bibi yangu, ambaye hajui neno la Kichina na aliyezungumza nami Kiluba tangu nikiwa mtoto, alikuwa hakimu wangu. Jioni moja nilimsikilizisha sauti ya yule Mchina wa kwenye rekodi, kisha yangu, akaniambia papo hapo, “Mama, la kwake linashuka mpaka chini, la kwako limeishia njiani.” Alikuwa anasema juu ya toni ya nne, na alikuwa na haki. Tangu jioni hiyo sikuacha kumpelekea rekodi zangu. Wala hakushangaa nilipomweleza kwamba toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka na kupanda, kwa sababu katika Kiluba pia toni hubadilika kulingana na jirani yake.

Kuhusu konsonanti, nililazimika kuviacha kando vile ninavyozisoma herufi za Kilatini kwa Kifaransa. Kichina huandikwa kwa herufi hizo kwa utaratibu uitwao pinyin, uliopitishwa na serikali ya China mwaka 1958, na ndani yake q hukaribia ch yetu, c ni kama ts, na b si b tunayoijua bali ni p isiyotoa pumzi. Tofauti hii niliijifunza kwa mshumaa, kwa kuwa kwetu umeme hukatika mara nyingi jioni. Unauweka mbele ya mdomo, kama upana wa kiganja, kisha unasema pa: moto lazima uyumbe. Ukisema ba, usitikisike, au utikisike kidogo tu. Nilifanya hivyo kwa t na d, kisha kwa k na g, na mshumaa ulinionyesha mara moja kila nilipobana pumzi.

Herufi za Kichina zinawatisha watu, na mimi nawasihi waanze na zile za madini, maana hapo mtu wa Katanga yuko nyumbani. Shaba ni 铜, tóng. Upande wa kushoto ni alama ya metali, na upande wa kulia ni 同, herufi ambayo peke yake nayo husomwa tóng; kwa hiyo kushoto panakuambia ni kitu cha namna gani, na kulia panakuambia kinasemwaje. Kobalti ni 钴, gǔ: metali ile ile kushoto, na kulia 古, inayosomwa gǔ. Zinki ya Kipushi ni 锌, xīn, kwa mpango huo huo. Nilipoyaona haya, boksi la vipuri liliacha kuwa ukuta wa michoro. Mafuta ni 油, yóu, yenye matone matatu ya maji kushoto na sauti yóu kulia. Sehemu kubwa ya herufi za Kichina zimejengwa kwa namna hii, ingawa katika nyingine sauti imebadilika kwa karne nyingi na haisaidii sana.

Kwa msamiati nilifuata orodha za HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, wa mfumo ulioanza mwaka 2010, ambapo kiwango cha kwanza kina maneno 150, cha pili 300 na cha tatu 600, nikaziingiza katika programu ya Anki, ambayo hutumika bila intaneti na hukurudishia neno unapokaribia kulisahau. Vitenzi havikunisumbua kwa sababu havinyambuliki. Maneno ya kuhesabia, yanayobadilika kulingana na kitu kinachohesabiwa, huwachosha wengi, lakini aliyezoea kusema gari moja, kitabu kimoja na mti mmoja hawezi kushangaa kwamba lori lina neno lake na karatasi ina lake.

Yaliyobaki nimeyapata dukani. Mafundi ninawaita shīfu, jina la heshima kwa mwenye ufundi, na wao huniita jiě, yaani dada mkubwa, jambo linalotufaa sisi tusiomwita mtu mzima kwa jina kavu. Bei zilihitaji mazoezi ya pekee, kwa sababu Wachina huhesabu kwa elfu kumi, wàn, hivyo franka 250,000 ni wàn 25. Zaidi ya hayo, watu wengi wa kusini ya China hawatofautishi sh na s, na kwao neno la kumi, shí, na neno la nne, sì, hutenganishwa na toni peke yake: kumi hupanda, nne huanguka. Sikio la Kiluba linafanya kazi hapo kuliko mahali pengine popote. Hata hivyo katika hesabu ya pedi za breki huwa nathibitisha pia kwa mkono, nikikumbuka kwamba kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja, kwa Mchina ni nane. Kwa muuzaji wa Guangzhou naomba anitumie sauti kwa WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, niweze kuirudia, kisha namtaka aandike idadi kwa tarakimu kabla sijatuma fedha.