Kabla ya tatizo, taja mahali

Usiku ule Kibamba, Dar es Salaam, bodaboda aligongwa mbele ya daladala letu, na simu yenye chaji ilikuwa yangu. Nikapiga 112, namba ya dharura. Ikapokelewa. "Uko wapi?" Nikasema Morogoro Road, Kibamba. "Upande wa kwenda Kibaha au wa kurudi mjini? Jirani na nini?"

Nikakwama. Giza, maduka yamefungwa, na kijana yuko chini anaugulia mguu. Mama mmoja aliyekuwa anafunga genge lake akaichukua simu mkononi mwangu, akaeleza kila kitu mpaka rangi ya geti la jirani. Msaada ukaja na kijana akapona, ila zile dakika nilizopoteza ziliniuma kwa muda mrefu.

Jibu nililipata nilipokwenda Uingereza kumtembelea dada. Gari la shemeji lilizima kwenye barabara kuu. Akatushusha kwa mlango wa kushoto, mbali na magari, tukavuka vyuma vya pembeni tukasimama kwenye nyasi. Kisha akatembea hadi kwenye kisanduku cha rangi ya chungwa chenye simu ya dharura.

"Shemeji, mbona simu unayo?"

"Hii wakipokea tu, wanajua nilipo."

Kumbe kando ya barabara zile kuna vijiti kila mita 100, na mshale unaokuonyesha simu ya karibu iko upande upi. Kupiga ni bure, hata asiye na chaji wala salio anahudumiwa. Shemeji aliongea akiwa ameyatazama magari yanayokuja, hakuyapa mgongo, na mimi nikalishika hilo pia.

Morogoro Road sijawahi kuona kisanduku cha namna ile, na natamani sana tungekuwa navyo, hasa kuanzia Mbezi kwenda nje ya mji. Kwa sasa kazi yake naifanya mwenyewe. Nikiwa safarini najitajia kimoyomoyo: barabara gani, naelekea wapi, nimepita nini. Mjini vituo vya mabasi ya mwendokasi vinanisaidia mno, kwa kuwa kila kimoja kina jina lake. Nje ya mji nashika shule, kituo cha mafuta, msikiti, kanisa. Wanangu nao nawauliza tukiwa njiani, na mdogo sasa ananishinda.

Halafu ikatokea Manzese. Gari dogo linafuka moshi kwenye boneti, watu wanakimbilia mchanga. Nikapiga 114, zimamoto: "Morogoro Road, upande wa kwenda Ubungo, hatua chache baada ya daraja la waenda kwa miguu la Manzese. Gari dogo jeupe linaungua mbele, waliokuwemo wote wameshatoka."

Aliyepokea hakuniuliza mahali. Aliuliza kama kuna gari jingine limeegeshwa karibu, nikamwambia lipo moja, vijana wanalisukuma. Nikarudi kusimama kando ya daraja, mkono juu, uso nimeuelekeza kwenye magari, mpaka nikasikia king'ora.